Mkeka Juu ya Shimo

Kijana mmoja jirani yangu hapa Kikula, mjini Likasi, anaweza kukueleza, bila kuvuta pumzi, kwa nini Elfi wa Damu, wa mchezo wa kompyuta wa Warcraft, waliwaacha wanadamu. Umeme ukirudi tu, utamkuta mbele ya kompyuta ya kaka yake. Siku moja nilimtania kwamba amechagua jeshi la wasaliti. Akasimamisha mchezo, akanigeukia. "Hapana, yaya. Wale walifungwa."

Akanisimulia. Nchi ya elfi ilikuwa imeteketezwa na wengi wao wameuawa. Waliosalia, pamoja na mwana wa mfalme wao, Kael'thas, wakawekwa chini ya jemadari wa wanadamu aitwaye Garithos, ambaye aliwadharau na kuwapa kazi zisizowezekana. Walipopokea msaada wa naga, viumbe wa baharini wenye mkia wa nyoka, Garithos akawatia gerezani wangoje kifo. Naga ndio waliokuja kuwafungulia. Hayo yako katika The Frozen Throne, nyongeza ya Warcraft III iliyotoka 2003. Mwaka 2007, ndani ya World of Warcraft, elfi hao wakaingia rasmi kambi ya Horde, bega kwa bega na maorki waliokuwa adui wa mababu zao.

Nilimsikiliza mpaka mwisho, kwa sababu mfano wa hadithi hiyo nilikuwa nao tangu utotoni. Kwetu huku hakuna elfi. Kuna Nkongolo Mwamba.

Katika masimulizi ya Waluba wa huku Katanga, Nkongolo ni mfalme mwekundu, mfalme wa upinde wa mvua, mlevi na mkatili, anayelala na dada zake na kula mbele za watu. Kutoka mashariki anafika mwindaji, Mbidi Kiluwe, mweusi wa kung'aa, mtu wa adabu ambaye akila au akinywa hujisitiri. Tazama wasimulizi walikoanzia. Hawakuanza na mikuki, walianza na sahani. Kabla hatujamwona askari hata mmoja tunajua kwamba watu hawa wawili hawawezi kukaa boma moja, na tunajua kwa sababu tumewaona wakila. Nimepitia hadithi nyingi za michezo ambamo kabila zima limeandikiwa uovu tangu kuzaliwa, basi, bila maelezo. Fundi wa kweli hafanyi hivyo. Anakuonyesha jambo dogo la nyumbani, na uadui unajieleza wenyewe.

Mbidi anaondoka amechukizwa, akimwacha Bulanda, dada wa Nkongolo, na mimba. Mtoto ni Kalala Ilunga. Anakulia kwa mjomba wake, anampigania, anamletea ushindi, na utii wake hauna hila. Kisha anamshinda mjomba katika mchezo, mama wa Nkongolo anacheka, na Nkongolo anamzika mama yake akiwa hai kwa kicheko hicho. Sasa zamu ya mpwa. Nkongolo anachimba shimo, anasimika mikuki ndani yake, anatandika mkeka juu, na kumwalika Kalala aje acheze ngoma.

Hapa kisa kinasimuliwa kwa namna nyingi. Wengine husema ni mpiga ngoma aliyemwonya kwa mdundo. Wengine husema ni mganga Mijibu wa Kalenga, mtu wa Nkongolo mwenyewe. Kalala anacheza, anakaribia, anauchoma mkeka kwa ncha ya mkuki, mkuki unazama. Anageuka na kukimbia hadi ng'ambo ya mto Lualaba, kwa baba yake. Anaporudi, anarudi na jeshi, na Nkongolo anakatwa kichwa. Mtu amebadilisha upande, na hakuna msikilizaji anayemwita msaliti, kwa kuwa sote tumeuona ule mkeka.

Waliotunza kisa hiki walikuwa watu wa chama cha Mbudye, na mabingwa wao waliitwa bana balute, watu wa kumbukumbu. Chombo chao kilikuwa lukasa: ubao wa kushikwa mkononi, wenye urefu wa kama sentimita 25, uliobanwa kiunoni, na uso wake umejaa shanga na makombe. Nyuma umechorwa kama gamba la kobe, mnyama wa alama ya Mbudye. Msomaji huulaza kwenye kiganja cha kushoto na kupitisha kidole cha shahada cha mkono wa kulia juu ya shanga, huku akiimba au akisema. Mstari wa shanga ni njia, labda safari ya Mbidi. Shanga kubwa iliyozungukwa na ndogo ni mfalme na baraza lake. Hakuna herufi hata moja.

Ninachokiheshimu zaidi katika ufundi huu ni kwamba ubao haumfungi msomaji. Mary Nooter Roberts na Allen Roberts, waliotoa mwaka 1996 kitabu kikubwa juu ya sanaa na kumbukumbu za Waluba, walionyesha kwamba usomaji wa lukasa hubadilika kulingana na msomaji, wasikilizaji na sababu ya mkutano. Shanga ileile mbele ya chifu huyu ni babu wa ukoo wake. Mbele ya yule ni mgeni aliyekuja kuomba ardhi. Wengine wataona hapo udhaifu wa historia isiyoandikwa. Mimi naona fundi aliyejua kwamba kila upande una kidonda chake, akatengeneza chombo kinachoweza kuvibeba vyote.

Nayasema haya nikiwa mtu wa Likasi, mji ulioona pande zikibadilishwa. Mwaka 1959 Balubakat, chama cha Waluba wa Katanga cha Jason Sendwe, ilikuwa pamoja na chama cha Conakat. Mwaka haujaisha ikajitoa, na katika uchaguzi wa Mei 1960 ikaenda kama ndugu na Fedeka, chama cha Wakasai wa huku. Mwaka 1991 vyama viwili, Uferi ya Nguz Karl-i-Bond na UDPS ya Tshisekedi, vilikuwa upande mmoja dhidi ya Rais Mobutu. Kabla ya Desemba Nguz alikuwa waziri mkuu wa Mobutu. Agosti 1992 Tshisekedi, Mkasai, akachukua kiti hicho, na hapa kwetu nyumba za Wakasai zikaanza kushambuliwa. Maelfu wakalala stesheni ya Likasi, na masufuria yao na magodoro yao, wakingoja treni ya kwenda Kasai ambako wengi wao hawakuwa wamewahi kufika. Na Waluba wa Kasai husimulia kwamba mababu zao walitoka huku Katanga. Kuna mistari miwili ya shanga kwenye ubao wa historia yetu, na kwa miezi ile mji wetu ulikubali kusomewa mmoja tu.

Ndiyo maana simwambii kijana wa jirani aache kompyuta akasome. Anayeweza kumtetea elfi aliyefungwa, akamfuata mpaka gerezani kabla ya kumhukumu, ameanza kujifunza kazi ya bana balute. Nilimsimulia habari za mkeka. Akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: na yule mganga, alipata nini kwa kumwonya Kalala?

Lukasa moja iko Brooklyn Museum, New York, mbali na mkono wowote. Lakini wazee wa Kiluba waliotoka Kabongo, Kamina na Malemba-Nkulu bado wamo katika nyumba zetu za Likasi, huko Panda, Shituru na Kikula. Kama unaye mmoja, muulize habari za mkeka na shimo. Akisimulia tofauti na nilivyosimulia mimi, usimsahihishe. Muulize yeye aliisikia kwa nani.