Ujazo wa Ghuba ya Winam Hauamuliwi na Wastani wa Ziwa

Ujazo wa Ziwa Victoria hukokotolewa kwa mstari mmoja: eneo la kilomita mraba 68,800 mara kina cha wastani cha mita 40, jibu takriban kilomita za ujazo 2,750. Hesabu hiyo haina kasoro. Kasoro huanza pale wastani huo unapotumika kukadiria maji yaliyo mbele ya Kisumu. Ghuba ya Winam ina kilomita mraba 1,400 hivi, yaani asilimia 2 ya ziwa. Kwa kina cha mita 40 ingebeba kilomita za ujazo 56. Lakini ukitupa bildi humo, sehemu kubwa haifiki mita 10. Hata tukiikarimia mita 10 kamili, tunapata 14 tu, yaani nusu asilimia ya maji yote. Anayetaka ujazo wa sehemu hana budi kuikata matabaka: apime eneo kwenye kila mstari wa kina, achukue wastani wa eneo la juu na la chini ya tabaka, azidishe kwa unene wake, kisha ajumlishe.

Atakayepinga atasema ghuba na ziwa ni chombo kimoja. Kwa usawa wa maji, ni kweli: Mei 2020 kipimo cha Jinja kilipofika mita 13.42, kikiipita kwa kiduchu rekodi ya 1964, fukwe za Kisumu nazo zilifurika. Ila maji kulingana usawa hakumaanishi yamechanganyika. Mlango mkuu ni mkondo wa Rusinga. Ule wa Mbita ulizibwa na tuta la barabara miaka ya 1980, hadi daraja lilipojengwa miaka ya 2010. Majitaka ya mji huyeyuka kwanza katika zile kilomita za ujazo 14, na mtambo wa maji wa Dunga huteka humo humo. Pingamizi la pili lina uzito zaidi: kingo si wima. Tuseme ufuo wa Kano unapanda mita 1 kwa kila kilomita 1. Ziwa likipanda mita 1, kila kilomita ya ufuo huongeza mita za ujazo 500,000, kiasi kisichogusa hesabu ya ghuba, ingawa ni hekta 100 za mashamba zilizozama. Tope ndilo linaloigusa. Sentimita 10 za udongo wa mito ya Nyando na Sondu-Miriu zikitandazwa sakafuni kote hula kilomita za ujazo 0.14, asilimia 1 ya ghuba, ilhali kwa ziwa zima hazionekani hata kwenye desimali ya kwanza ya asilimia.