Udogo Upendezao: Tathmini ya Maoni ya Wahakiki kuhusu Kawaii katika Ushabiki wa Anime

Wahakiki wengi wa anime wanayatilia shaka mapenzi ya mashabiki kwa wahusika wa kawaii, yaani wahusika wadogo, wenye macho makubwa na sauti nyororo. Wanachotofautiana ni sababu. Azuma Hiroki, katika kitabu chake cha mwaka 2001, anadai kwamba shabiki hafuati tena hadithi bali anakusanya vipengele: masikio ya paka, kengele, sare ya mtumishi wa ndani. Mfano wake ni Di Gi Charat, mhusika aliyebuniwa mwaka 1998 kwa ajili ya kutangaza duka, ambaye alipata wapenzi kwanza na hadithi baadaye. Sianne Ngai (2012) anakwenda mbali zaidi. Kwake, kuvutiwa na kitu kwa udogo wake ni kuufurahia unyonge wake. Anayekikumbatia ndiye pia awezaye kukiponda.

Hoja ya Ngai haipaswi kumshangaza msomaji wa Kiswahili. Udogo huundwa kwa kuihamishia nomino katika ngeli ya KI-VI, na kiambishi kinachobembeleza ndicho hichohicho kinachodharau. Kidege hupendeza, kijitu hudharauliwa, mtu mzima afanyaye mambo kitoto hasifiwi. Katika mazungumzo ya vijana, "katoto" na "kabinti" huwa sifa au kejeli kutegemea sauti ya msemaji. Mzungumzaji wa Kinyakyusa wa Masoko, wilayani Rungwe, anayo ngeli mahususi ya udogo, yenye aka- katika umoja na utu- katika wingi. Kijapani hakina ngeli, lakini neno kawaii lina undugu na kawaisō, lenye maana ya "wa kuhurumiwa".

Hata hivyo, Azuma na Ngai wote wanamchukulia mdogo kuwa ni wa kutendwa tu. Ngano zimemlea msomaji wa Kiswahili kwa dhana nyingine: Sungura ni mdogo, na Fisi humwamini kwa sababu hiyo, kwa hasara yake. Kwa jicho hilo, tamthilia ya televisheni ya Puella Magi Madoka Magica (2011), iliyoandikwa na Urobuchi Gen, inasomeka vizuri zaidi. Kyubey, kiumbe cheupe chenye mkia mnene, huwaahidi wasichana kuwatimizia ombi moja kwa mkataba, kisha huvuna nguvu itokanayo na kukata tamaa kwao. Hasemi uongo, huacha tu kusema asiloulizwa. Uso wake haubadiliki hata kidogo. Hapa kawaii ni chambo, na chambo hakieleweki nje ya hadithi, jambo ambalo nadharia ya vipengele hailifikii.

Tofauti moja haipaswi kupuuzwa. Sungura huwashinda wakubwa, ilhali wahanga wa Kyubey ni wasichana waliochorwa nao kwa sura ya kawaii. Kwa upande wao, Ngai yuko sahihi. Wanasesere wa Kyubey nao waliuzwa madukani, na mashabiki waliwapenda huku wakiijua hadithi. Azuma angeuona huo kuwa ushahidi wake. Lakini msikilizaji wa ngano pia humshangilia Sungura akijua fika kwamba si mwema.