Kumsoma Yohana Baada ya Shakahola

Ukikaa pale Lighthouse, Kizingo, jioni, na mhogo wako wa kukaanga umetiwa pilipili na ndimu, unaweza kuumaliza Waraka wa Kwanza wa Yohana kabla ya adhana ya magharibi. Ni sura tano tu. Wa Pili, wa Tatu na ule wa Yuda ni sura moja moja. Hizo unasoma ukisubiri chenji. Labda ndiyo maana watu huzibeba vipande vipande, mstari huku, mstari kule. Barua haisomwi hivyo. Barua unaisoma yote, halafu unauliza aliyeiandika alikuwa na shida gani.

Mimi nilianza kuzisoma kwa mkupuo mmoja Aprili 2023. Ndio mwezi makaburi ya Shakahola yalipoanza kufukuliwa, kaunti jirani tu, Kilifi. Zaidi ya miili 400 ilitolewa katika msitu ule, watoto wengi wakiwemo. Upande wa mashtaka unasema waumini walifundishwa kufunga mpaka wafe ili wakutane na Yesu. Mhubiri Paul Mackenzie na wenzake walikana mashtaka walipofikishwa kortini 2024, na hilo ni la mahakama. Langu ni dogo zaidi: nyaraka hizi zinampimaje mwalimu wa uongo, na kwa nini ni rahisi hivyo kuzigeuza?

Jibu lililosikika sana baada ya Shakahola ni cheti. Mapasta wakasomee, wawe na shahada. Rwanda iliweka sheria ya namna hiyo 2018. Mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili nina sababu zangu za kulishuku jibu hilo, nakiri. Lakini hata Yohana hayuko upande wa cheti. Katika sura ya pili anawaambia wasomaji wake kwamba hawahitaji mtu wa kuwafundisha. Mafuta waliyopokea yanawatosha. Maneno matamu kwa mtu kama mimi. Shida ni kwamba ni matamu pia kwa yeyote anayeamka asubuhi akasema ameitwa. Mstari unaonipa mimi uhuru wa kusoma ndio uleule unaompa yeye uhuru wa kuanzisha kanisa. Kipimo lazima tukitafute mbele zaidi.

Kipo sura ya nne. Zipimeni roho, anasema, na roho inayokiri kwamba Kristo alikuja katika mwili ndiyo ya Mungu. Wengi husoma hapo kama neno la siri la mlangoni: litamke, upite. Lakini rudi mwanzo wa waraka. Unaanza na masikio yaliyosikia, macho yaliyoona, mikono iliyogusa. Mwandishi anabishana na watu waliojitenga na kundi lake, na wataalamu wengi wanaona kwamba watu hao waliudharau mwili wa Kristo. Ndiyo maana sura ya tatu inamuuliza mwenye mali: ukimwona ndugu yako mhitaji ukamfungia moyo, upendo wa Mungu umo wapi ndani yako? Kwa Yohana, imani na sahani ya ndugu yako ni mtihani mmoja. Barua ya kwanza kwa Timotheo, sura ya nne, inaonya waziwazi juu ya walimu wanaozuia watu kuoa na kula vyakula. Yuda naye anawasema wachungaji wanaojilisha wenyewe. Ukisoma hivyo, fundisho linalomnyima mtoto uji limeshaanguka kabla hata hatujafungua mjadala wa Utatu.

Lakini nisijifanye kwamba kila mstari uko upande wangu. Sura ya pili inasema msiipende dunia, kisha inaitaja tamaa ya mwili kama kitu cha kwanza cha dunia hiyo. Anayetaka kuwatoa watoto shule na kukataa hospitali ana pa kushika. Hapo Yohana ameacha mlango wazi, na akina sisi wasomaji ndio tunaobaki kuulinda.

Halafu kuna fundo la dhambi. Sura ya kwanza inasema anayedai hana dhambi anajidanganya. Sura ya tatu inasema aliyezaliwa na Mungu hatendi dhambi. Sasa tushike lipi? Wanaojua Kigiriki husema kitenzi kile kinaweza kubeba maana ya mazoea. Biblia ya Union Version, ile ya 1952, inasema "hatendi", na kwa Kiswahili "hatendi" inakanusha "anatenda" na "hutenda" kwa pamoja. Mtu akikwambia "fulani hanywi", unaelewa si mazoea yake. Huendi kumnusa mdomo. Ukisoma hivyo, sura hizo mbili hazigombani. Ukisoma kwa ukali, unapata kiongozi asiyeweza kukosea, na huyo nani atamwambia kitu? Sura ya kwanza inamkata huyo mapema: akisema hana dhambi, ni mwongo, pasta asipasta.

Kinachonisumbua zaidi ni zile barua mbili fupi, ambazo mwandishi wake anajiita Mzee. Katika ya pili anaagiza mwenye fundisho jingine asikaribishwe nyumbani, hata salamu asipewe. Katika ya tatu analia kwamba Diotrefe, mtu anayependa kuwa wa kwanza, anakataa kupokea wageni na anawafukuza wanaowapokea. Mzee anaagiza mlango ufungwe, kisha analalamika mlango umefungwa. Hapa Mombasa, ambako hodi ya mgeni ni jambo zito, unaliona hilo haraka. Na waliojitenga na kundi lake hatujui wangejitetea vipi. Barua yao hatuna. Kukata salamu ndiko kunakoanza kumtoa mtu kwa watu wake. Kuna familia zilizopoteza mawasiliano na jamaa zao muda mrefu kabla ya kusikia habari za msitu.

Kwa hiyo sitakwambia nyaraka hizi ni salama. Zina mistari inayoweza kuua ikishikwa peke yake. Zisome mwanzo hadi mwisho, na usizisome peke yako. Tafuta mtu wa kukubishia. Na mkifika sura ya tatu, kabla hamjaanza kubishana nani mpinga Kristo, ulizaneni kwanza nani hajala.