"Watu Wote" na Suala la Tumaini la Mkristo

Filamu fupi iitwayo Watu Wote, iliyoongozwa na Katja Benrath wa Ujerumani na kutolewa mwaka 2017, imejengwa juu ya tukio la kweli. Tarehe 21 Desemba 2015, basi lililokuwa likielekea Mandera, Kaskazini Mashariki ya Kenya, lilisimamishwa na wapiganaji wa Al-Shabaab waliotaka abiria Wakristo watengwe na Waislamu. Waislamu walikataa: ama wauawe wote, ama waachwe wote. Miongoni mwa waliopigwa risasi alikuwa mwalimu Salah Farah, Mwislamu, aliyefariki Nairobi Januari 2016. Filamu hiyo, ambayo mazungumzo yake ni ya Kiswahili na Kisomali, iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2018. Dhamira yake kuu ni umoja wa wanadamu. Lakini imo dhamira nyingine inayostahili kuchunguzwa, nayo ni tumaini la Mkristo katika uongozi wa Mungu wakati wa shida.

Mhusika mkuu, Jua, ni mwanamke Mkristo aliyefiwa na mume na mtoto mikononi mwa wauaji. Msanii amefanya vyema kutomchora kama mcha Mungu asiye na doa. Jua anapanda basi akiwa na kidonda moyoni, na wasiwasi wake mbele ya abiria Waislamu una sababu. Hatari inapofika, wale wale aliowaogopa ndio wanaomfunika kwa vazi lao ili asitambuliwe. Hapa fani na maudhui vimeoana barabara. Kitenzi "ongoza" kina undugu na "ongoa" na "ongoka". Katika Kiswahili anayeongozwa hafikishwi mahali tu, bali yeye mwenyewe hunyoshwa. Jua anavuka hatari akiwa hai, na pia akiwa amegeuzwa. Huo ndio uongozi kwa maana yake kamili, na filamu inauonyesha kwa vitendo bila kuuhubiri.

Hata hivyo, mpango wa visa unazua tatizo. Kwa kuwa anayefuatwa na kamera ni yule aliyeokolewa, hadhira yaweza kuondoka na fundisho kwamba mwenye kumtumaini Mungu hupona. Fundisho hilo haliwezi kusimama Garissa. Miezi minane tu kabla ya tukio la basi, tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa, wengi wao wanafunzi, na miongoni mwao walikuwamo Wakristo waliokuwa wamekusanyika kwa sala ya alfajiri. Haiwezekani kusema kuwa tumaini la hao lilikuwa pungufu kuliko la abiria wa Mandera. Mhubiri au msanii asemaye hivyo huwaua mara ya pili.

Maandiko yenyewe hayasemi hivyo. Katika sura ya 12 ya Matendo ya Mitume, Yakobo anauawa kwa upanga, na Petro anatolewa gerezani na malaika. Wote wawili ni mitume, na mtesi wao ni mmoja, Herode. Mwandishi hatoi sababu ya tofauti hiyo wala hampimi yeyote imani. Anayapanga matukio mawili bega kwa bega na kuendelea na hadithi yake. Filamu ya Watu Wote inakaribia ujasiri huo pale mwalimu anapopigwa risasi ilhali Jua anasalimika, lakini macho ya mtazamaji yameelekezwa zaidi kwa aliyesalimika.

Lugha yenyewe yaweza kumsaidia mhakiki. Neno "tumaini" limetoka Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kutulia na kuwa na amani ya moyo. Halibebi ahadi ya kupona. "Tegemea", kwa upande wake, ni neno la Kibantu, na asili yake ni tendo la mwili: kuegemea kitu kinachobeba uzito, kama paa linavyotegemea nguzo. Mtu aweza kutumaini akiwa peke yake, lakini hawezi kutegemea pasipo kitu cha kuegemea. Kwa Wakristo wachache wa Kaskazini Mashariki, kitu hicho mara nyingi kimekuwa jirani Mwislamu. Baada ya makanisa mawili ya Garissa kushambuliwa tarehe 1 Julai 2012 na watu 17 kuuawa, viongozi wa Waislamu walitangaza kuwa vijana wao wangelinda makanisa. Huyo jirani naye ana neno lake, "tawakali", na maneno "imani" na "subira" hutumika msikitini na kanisani vilevile. Filamu ingalitajirika kama ingaliuchimba zaidi ushirika huu wa msamiati.

Dosari ya mwisho ni ya jina. Jina la Kiingereza la filamu lingefasiriwa kwa Kiswahili "Sisi Sote", lakini la Kiswahili ni "Watu Wote". Tofauti si ndogo. "Watu wote" huwahesabu abiria kwa nje, katika nafsi ya tatu, kama walivyohesabiwa na waliolisimamisha basi. "Sisi sote" husemwa na aliye ndani ya basi, na ndiyo nafsi iliyotumika kuwakatalia wauaji. Kwa kuikosa nafsi hiyo, jina la Kiswahili limepoteza kiini cha tukio.

Pamoja na dosari hizo, kazi hii yastahili kutazamwa na kujadiliwa na wanafunzi wa fasihi. Inafaa ijadiliwe sambamba na tukio la chuo cha Garissa, ili kuokoka kwa Jua kusichukuliwe kuwa hukumu juu ya imani ya waliouawa wakisali.