Ngalawa ya Resi: Fundi Alituuliza Rangi, Hakutuuliza Uzito

Msomaji, ukienda kwa fundi kuagiza ngalawa ya resi, sikiliza swali lake la kwanza. Fundi wetu alituuliza: "Mnataka rangi gani?" Tukacheka, tukasema buluu na nyeupe, tukatoa arubuni. Hapo ndipo tulipokosea, na mmoja wetu (mimi) anasoma shahada ya pili ya sayansi.

Tulikuwa vijana watano wa magharibi ya Pemba, tumechangishana pesa miezi minane ili Idi Pili tushindane na chombo chetu wenyewe badala ya kuazima. Jina la fundi sitalitaja, wala kijiji chake. Kazi yake lakini nitaikosoa, maana pesa zilikuwa zetu na somo ni la kila mtu.

Kwa usiyekulia pwani: ngalawa ni mtumbwi mwembamba wa gogo moja, kwetu mara nyingi la mwembe. Miti miwili inaukatiza, hiyo ni mirengu, na kwenye ncha za mirengu, kila upande, kuna ubao uliolala karibu na maji. Huo ndio tengo. Bila matengo, mtumbwi mwembamba hivyo wenye tanga ungepinduka kabla hujamaliza bismillahi.

Nianze na haki ya fundi. Mwili wa chombo aliuchonga vizuri sana. Alama za tezo kwa ndani zilikuwa ndogo na zimepangana kama magamba ya changu, na omo lilikuwa kali bila kuwa jembamba kupita kiasi. Unene tuliupima kwenye matundu kabla hayajazibwa, na haukupishana sana omo hadi tezi. Hili si jambo dogo. Chukua mtumbwi wenye eneo la mita za mraba 6. Fundi akiacha sentimita 1 ya ziada kila mahali, ni meta za ujazo 0.06 za mbao. Kwa mbao ya kilo 600 kwa meta ya ujazo, umebeba kilo 36 za bure. Yaani abiria wa shule ya msingi asiyevuta kamba wala kuchota maji.

Na wembamba wenyewe ni fizikia. Chombo kikienda huzaa wimbi, na kasi ikizidi kiasi fulani kinakuwa kama kinapanda kilima cha wimbi lake mwenyewe. Kwa chombo kipana cha mita 6, kikwazo hicho hufika karibu na noti 6, kama kilomita 11 kwa saa. Ngalawa ni nyembamba, wimbi lake ni dogo, ndiyo maana upepo ukiwa mzuri inapita kasi hiyo na wala haioni kilima.

Sasa mti. Alituambia gogo limekatwa tangu mwaka juzi. Wiki ya sita juani, tezi likaanza kupasuka. Tulipokwangua rangi (ile buluu yetu!) tukakuta nyufa nyingine za zamani zimejazwa gundi na vumbi la msumeno, zikalainishwa kwa msasa. Kumbe alikwishaziona. Mti mbichi unaweza kubeba maji yanayofika nusu ya uzito wa mbao yake kavu, na zaidi. Maji hayo yakitoka, mbao husinyaa, lakini haisinyai sawa kila upande: kufuata duara za mti husinyaa karibu mara mbili ya kuelekea kwenye kiini, na kwa urefu karibu haisinyai kabisa. Mvutano huo ndio unaopasua. Tena maji hutoka haraka zaidi kwenye ncha, zilipokatwa nyuzi za mti, kwa hiyo ufa huanzia omo au tezi. Dawa yake si siri: gogo likae kivulini, chini ya makuti, ncha zipakwe kitu kizito, likauke polepole. Ufa wenyewe ningeusamehe, maana mwembe ni mwembe. Kilichonikera ni ile gundi. Basi wewe ukiagiza, sema mapema: chombo nitakipokea kabla ya rangi. Fundi akikataa, umeshapata jibu.

Ila kilichotuumiza baharini hakikuwa ufa. Siku ya kwanza ya majaribio, upepo ukitoka kulia, ngalawa ilikwenda kama imetumwa. Upepo ukitoka kushoto, ikawa nzito, usukani unavuta mkono, na tengo la kulia linachimba maji kama jembe. Tukarudi kwa fundi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Enhe?"

Tukaeleza. Akajibu, bila hata kuinuka: "Chombo hakina kasoro wanangu. Nyinyi ndio hamjui kukaa." Tulipomwomba aje tu pwani atazame, akasema inshaallah wiki ijayo. Wiki ijayo simu haikupatikana. Iliyofuata akapokea mkewe, akasema mzee kaenda Wete.

Hebu tuliangalie tengo lenyewe, maana hapa ndipo penye elimu. Watu wengi hudhani tengo ni boya tu, linaelea na kuzuia kupinduka. Tengo la ngalawa yetu ni ubao uliotegwa mshazari. James Hornell, Mwingereza aliyeandika sana juu ya mitumbwi ya dunia katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, alilinganisha ngalawa na vyombo vya Indonesia. Huko aghalabu utaona mianzi au magogo mviringo yanayoelea. Ubao mshazari unafanya kazi nyingine. Chombo kikiwa na kasi, maji yanaupiga kwa chini na kuusukuma juu, kama mkono wako ukiutoa dirishani kwenye daladala na kuinua kidogo upande wa mbele. Na kani hiyo hukua kwa mraba wa kasi: kasi ikiwa mara mbili, msukumo mara nne. Ndiyo maana tengo jembamba linatosha. Lakini pembe ikizidi, badala ya kuinua linakuwa breki, na ikipungua sana, linazama.

Tukachukua timazi ya mwashi na rula ya pembe ya mdogo wangu wa sekondari. Matengo mawili yalipishana nyuzi 9. Mrengu wa mbele nao ulikuwa umetoka kulia zaidi kuliko kushoto, kwa upana wa kiganja. Juu ya hayo, matengo yalipigiliwa misumari ya chuma badala ya kufungwa kamba. Chuma kwenye maji ya chumvi kinakula kutu, kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, na inaupasua mti kutoka ndani. Kamba unaweza kuilegeza ukarekebisha pembe. Msumari ukishapigwa, umepigwa.

Tukaenda kwa fundi mwingine, mzee sana, anayefanya kazi chini ya mkungu karibu na maji. Swali lake la kwanza: "Mnakaa wangapi?" La pili: "Mnene nani?" Akataka tusimame mstari. Nilitaka kumkumbatia. Kwa sababu upepo unaolisukuma tanga unataka kukupindua, na kinachoupinga ni uzito wenu mara umbali wenu kutoka katikati. Mtu wa kilo 60 aliyekaa mita 2 nje kwenye mrengu anafanya kazi ya kilo 120 zilizokaa mita 1. Urefu wa mirengu unategemea miili ya watakaopanda. Fundi asiyekuuliza hilo anakuuzia ngalawa ya mtu mwingine.

Mzee aling'oa misumari, akafunga kamba, akatuambia tutweke tanga tupite mbele yake kwenda na kurudi, yeye kasimama maji ya magotini. Kila tukipita anapiga kelele, "Njooni!" Anakaza hapa, analegeza pale, anatusukuma tena. Mara saba. Hakutumia timazi, na kiburi changu kikaniambia nipime alipomaliza: tofauti ilibaki chini ya nyuzi 2. Alidai hela ya kamba na chai.

Utasema yule wa kwanza alikuwa na haraka, ana oda nyingi, na sisi hatukuandikiana kitu. Kweli. Hatukuwa na karatasi hata moja, tuna ujumbe wa simu wa kutuma pesa tu. Ungekuwepo mstari mmoja tu, "fundi atakuja pwani siku ya majaribio", tungekuwa na pa kushika. Nauweka ushauri huu mbele ya yote: usilipe fungu la mwisho chombo kikiwa juu ya mchanga. Lilipe kikiwa majini, baada ya kukijaribu pande zote mbili za upepo.

Idi Pili tulimaliza wa nne. Tengo la kushoto lilipasuka kwenye tundu la msumari wa zamani, tukakata nusu ya mwisho mmoja wetu akilikandamiza kwa miguu.

Nilirudi kwa fundi wa kwanza na vipimo vyangu. Safari hii aliinuka. Alichukua timazi, akaangalia lile tengo muda mrefu, kisha akasema lilikuwa la chombo kingine, mwenyewe hakurudi kulichukua, na sisi tulikuwa tunamharakisha. Akaahidi jipya, bila malipo. Leo ni wiki ya tano. Jana alipokea simu, akauliza kama bado tunataka buluu.