Mnazi Usioota Tukuyu: Uhakiki wa Ufundishaji wa Tashibiha za Kiingereza Wilayani Rungwe

Ugumu wa tashibiha za Kiingereza kwa mwanafunzi wa Tanzania huelezwa mara nyingi kwa ugeni wa vitu vinavyotajwa. Hoja hiyo haitoshelezi. Wilayani Rungwe, wanafunzi wengi hukua wakizungumza Kinyakyusa, husoma shule ya msingi kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza. Kiswahili nacho huwafikia kikiwa na tashibiha za pwani, kama vile "mrefu kama mnazi", ilhali mnazi haustawi katika miinuko ya Tukuyu yenye baridi, migomba na chai. Hata hivyo tashibiha hiyo haiwatatizi, kwa kuwa sifa inayounganisha mtu na mti, yaani urefu, imetajwa waziwazi.

Kinyume chake, Mwingereza husema kwamba mtu asiyebabaika ni mtulivu kama tango. Tango si kitu kigeni Rungwe. Kinachokosekana ni njia ya kutoka kwenye tango hadi kwenye utulivu. Katika Kiingereza, neno moja hubeba ubaridi wa kitu na utulivu wa nafsi. Neno "mtulivu" hubakiza maana ya pili tu, hivyo tafsiri huvunja daraja. Lakini Kiswahili kina daraja lake katika kitenzi "poa": chai hupoa, na hasira hupoa. Orodha za kukariri haziwezi kumwonesha mwanafunzi jambo hilo.

Mfano wa pili ni umaskini wa panya wa kanisani. Kanisa na panya vinafahamika vyema Rungwe, ambako Wamoravian walianzisha misheni mwaka 1891. Tashibiha hiyo husimama juu ya dhana kwamba kanisani hamna chakula. Katika makanisa mengi ya Tanzania, waumini hutoa mazao katika ibada ya mavuno. Panya wa hapo anaweza kufikiriwa kuwa ameshiba. Mwanafunzi anayeielewa tashibiha hii kinyume hajashindwa kufikiri, bali ametumia mantiki ya mazingira yake.

Kwa hiyo, kubadilisha vitu vigeni kwa vya nyumbani hakutoshi. Ufundishaji unapaswa kuanza na sifa inayolinganishwa na chimbuko lake, kisha kutenga tashibiha zilizoganda kama nahau na zile ambazo mwanafunzi ana uhuru wa kuzibuni. Pasipo utengano huo, ubunifu wake husahihishwa kama kosa.