Mikwaruzo Si Hoja: Kuipima Diski ya Sinema Bubu

Ukitaka kujua upesi kama diski ya sinema bubu imetengenezwa na mtu anayeijua kazi, chukua Nosferatu, filamu ya F.W. Murnau ya mwaka 1922, uende moja kwa moja pale Orlok anapokatiza mitaa ya mji amebeba jeneza lake. Kama picha ni nyeusi na nyeupe tupu, utamwona mnyonya damu anayeuawa na jua akitembea mchana kweupe, vivuli vimelala ukutani. Diski hiyo achana nayo.

Murnau alipiga picha mchana kwa sababu filamu za wakati ule hazikuweza kunasa giza la usiku. Baadaye mikanda ya kuonyesha ilitiwa rangi: buluu kwa usiku, manjano kwa chumba chenye taa, waridi kwa alfajiri. Mtazamaji wa Berlin hakuhitaji kuelezwa. Alisoma saa kwa rangi. Miaka mingi baadaye nakala zilirudufiwa kwenye filamu nyeusi na nyeupe, kwa kuwa ni rahisi, na rangi ikapotea pamoja na usiku wenyewe. Nakala hizo ndizo zinazojaza masoko ya diski za bei ya chini na mitandao ya video hadi leo. Anayedhani kwamba sinema za zamani zote zilikuwa nyeusi na nyeupe hana kosa. Hajawahi kuonyeshwa vinginevyo.

Wanunuzi wengi hawaangalii hayo. Wanaangalia usafi. Picha ikiwa haina mikwaruzo wanasema diski ni nzuri, ikiwa na mikwaruzo wanasema ni mbovu. Kipimo hicho kinapotosha, na hakuna filamu inayolithibitisha hilo zaidi kuliko Metropolis ya Fritz Lang. Ilionyeshwa mara ya kwanza Berlin Januari 1927, kisha ikakatwakatwa hata robo yake ikahesabiwa kuwa imepotea. Mwaka 2008 ikatambuliwa kwamba jumba la makumbusho ya filamu la Buenos Aires lina nakala ya milimita 16 yenye takriban dakika 25 ambazo hazikuwa zimeonekana kwa miongo minane. Nakala hiyo ilikuwa imerudufiwa kutoka mkanda uliochakaa, kwa hiyo mikwaruzo haikuwa juu ya filamu bali ndani ya picha yenyewe. Na kwa kuwa milimita 16 ina fremu ya umbo tofauti, sehemu ya picha ilikatwa pembeni.

Waliokarabati wangeweza kuikuza picha ijae fremu na kuisugua kwa kompyuta hadi ilainike. Hawakufanya hivyo. Katika toleo la mwaka 2010, vipande vya Argentina vinajitokeza vyenyewe: vimechakaa, vina ukingo mweusi mahali pasipo na picha. Unajua wakati wote unaangalia nini na kimetoka wapi. Hiyo kwangu ni kazi ya daraja la juu. Kazi mbaya ni ile inayofuta mikwaruzo pamoja na chembechembe za filamu, nyuso zikabaki kama zimepakwa nta. Isogelee skrini utazame nywele na kitambaa cha nguo. Kama nyuzi hazionekani, kuna mtu amesafisha kupita kiasi.

Kipimo kinachonisumbua zaidi ni kasi, kwa sababu hapa hata wajuzi hugombana. Kamera za awali zilizungushwa kwa mkono. Mzunguko mmoja ulipitisha fremu 8, na mpiga picha aliyezungusha mara mbili kwa sekunde alipata fremu 16. Wengine walizungusha haraka zaidi, na waonyeshaji nao walikuwa na haraka zao. Sauti ilipoingia, kasi ikafungwa kwenye fremu 24. Mkanda uliopigwa kwa fremu 16 ukionyeshwa kwa 24, saa nzima inakuwa dakika 40, na mazishi yanageuka kichekesho. Ndiko ilikotoka dhana kwamba watu wa zamani walitembea kwa kurukaruka.

Usipime kasi kwa watu wanaokimbia. Tazama vitu visivyoigiza: maji yanayomwagika, moshi, pindo la gauni likitulia baada ya mwanamke kukaa. Hivyo havina sababu ya kuharakishwa. Lakini uwe na tahadhari na vichekesho. Wachekeshaji wa Hollywood mara nyingi walizungusha kamera polepole makusudi ili mwendo uchangamke kwenye skrini, na diski inayowarudisha kwenye mwendo wa kawaida inaua mzaha. Hata Murnau aliliharakisha makusudi gari la farasi linalompeleka mgeni kwenye ngome ya Orlok.

Mambo mengine hayahitaji maneno mengi. Umbo la picha ni karibu 4 kwa 3, hivyo kwenye televisheni pana lazima uone ukingo mweusi kushoto na kulia. Pasipo ukingo huo, ama picha imevutwa ama vichwa vimekatwa. Vibao vya maandishi visomeke bila kukimbizana navyo. Kasha liseme wazi ni toleo lipi: The Gold Rush ya Chaplin ni filamu mbili, ile ya 1925 na ile ya 1942 aliyoikata upya mwenyewe, akaitia muziki na sauti yake ya usimulizi. Kasha lisilotaja limetoka kwa mtu asiyejua au asiyejali.

Muziki ndio unaofichua uvivu kuliko yote. Sikiliza pale hali inapobadilika, kwa mfano mlango unapofunguliwa na mtu asiyetarajiwa akaingia. Kama piano inaendelea na wimbo uleule, basi mtu alibandika rekodi yoyote akaenda zake. Kwa filamu za Kijapani ninaongeza sharti jingine. Kule msimuliaji aliyeitwa benshi alisimama kando ya skrini akitoa sauti za wahusika wote, na watu walikwenda kumsikiliza yeye kama walivyokwenda kuitazama filamu. Msomaji aliyekulia kwenye vibanda vya video, akiwasikiliza wasimuliaji kama Lufufu wa Tanzania au DJ Afro wa Kenya, ataielewa sanaa hiyo mara moja, pengine kuliko mhakiki wa Paris. Filamu kama A Page of Madness ya Kinugasa ya mwaka 1926 haina kibao hata kimoja. Bila msimuliaji, mtazamaji anaachwa afumbue fumbo ambalo watazamaji wa Tokyo hawakupewa. Diski yenye sauti ya benshi nitailipia zaidi bila kubishana.

Kabla ya kulipa, angalia alama ya kanda nyuma ya kasha. Afrika Mashariki ni kanda ya 5 kwa DVD na kanda B kwa Blu-ray. Maana yake DVD ya Uingereza, ambayo ni ya kanda nyingine, itagoma kwenye mashine isiyofunguliwa kwa kanda zote, lakini Blu-ray ya Uingereza, ambayo nayo ni ya kanda B, itacheza. Anayeanza ningemwelekeza kwenye The Passion of Joan of Arc ya Carl Dreyer, ya mwaka 1928. Negativu yake iliungua, na nakala ya toleo la kwanza ikaja kupatikana mwaka 1981 katika hospitali ya wagonjwa wa akili nchini Norwe. Chagua toleo lenye kasi zote mbili, fremu 20 na fremu 24. Tazama kesi ya Joan inapoanza kwa kasi ya kwanza, kisha kwa ya pili, ukiwa umezima sauti kabisa, na uamue mwenyewe ni ipi inayompa Falconetti, mwigizaji wa Joan, nafasi ya kufikiri kabla ya kujibu.